Jambo la Nne

Barua ilisomwa Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi wa mtaa, mbele ya watu arobaini na kitu waliobanana kwenye mabenchi. Mwenyekiti aliisoma mwenyewe, kwa sababu alipenda kusoma mbele za watu na nafasi hiyo haikumjia mara nyingi. Ilikuwa barua ya Babu Reli, mzee aliyestaafu kazi ya reli, na iliwahusu majirani zake wa nyumba ya nyuma, watu wa lugha nyingine na dini nyingine, ambao siku yao ya ibada huamka na kuimba kabla jua halijatoka.

Barua ilisema nyimbo zinaanza saa kumi na moja alfajiri. Ilisema mke wa mzee ni mgonjwa wa mgongo na usingizi humpata saa hizohizo tu. Iliomba waimbaji waanze saa moja. Hadi hapo watu walitikisa vichwa kukubali, wengine wakapiga miayo. Kisha mwenyekiti akafika aya ya mwisho: "Ikumbukwe kwamba mgeni hupewa kigoda, hapewi nyumba. Wenzetu hawa wamepewa kigoda, sasa wanataka na kitanda."

Ukumbi ulicheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoshwa na benchi gumu, wakapata cha kuwachangamsha. Mwenyekiti aliona imependeza, akairudia.

Nyumba ya nyuma iliwakilishwa na Mama Pacha, mwanamke anayefua mashuka ya zahanati, mwenye vidole vilivyopauka kwa dawa. Miaka kumi na mmoja yumo mtaani humo, na pacha wake walizaliwa katika zahanati hiyohiyo anayoifulia. Alingoja kicheko kiishe. Akasema saa moja ni sawa, na kwamba wangeambiwa mapema wangeanza saa moja tangu zamani. Akauliza kama liko jingine. Halikuwepo. Akajitanda mtandio wake, akatoka kwa kupita katikati ya mabenchi, watu wakimpisha magoti.

Babu Reli alikaa akiwa ameduwaa. Jirani yake wa kushoto alimpigapiga mgongoni na kumwambia kumbe mzee una ulimi. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama Mama Chapa, mwenye chumba cha kuchapa barua na kutoa kopi pembeni mwa ukumbi huohuo. Yeye alikuwa amefurahi. Furaha yenyewe haikuzidi dakika mbili, lakini ilikuwepo, na si vizuri kuificha. Aya ya kigoda ilikuwa yake.

* * *

Jumatatu jioni binti yake alirudi mapema na vitabu vyake kwapani. Alikuwa mwaka wa mwisho sekondari, na kila Jumatatu huenda nyumba ya nyuma kuwafundisha wale pacha hesabu. Mama Chapa aliuliza mbona upesi. Binti alisema pacha wamekataa kufungua daftari. Shuleni kuna mtu amechora kigoda kwa chaki juu ya dawati la mmoja wao, na mwalimu alipouliza ni nini, darasa zima likacheka. Na asubuhi, kwenye foleni ya bomba, mwanamke mmoja alisukuma kigoda cha plastiki kwa mguu hadi mbele ya Mama Pacha, akamwambia karibu ukae, mgeni. Mama Pacha alikiinua, akakigeuza akitazama miguu yake kama vile ameombwa akitengeneze, akakirudisha chini taratibu. Akajaza ndoo zake mbili, akaondoka.

"Babu Reli hawezi kusema vile," binti alisema. "Babu akikasirika anakohoa tu."

Mama Chapa alijibu kwamba yeye anachapa anacholetewa, na kwamba sufuria haijisugui yenyewe. Binti akaenda nje na sufuria. Mumewe, Fundi Bomba, alikuwa mezani na sahani yake. Aliacha kutafuna. Ni mtu asiyeharakisha maneno. Hata bomba likipasuka kwanza huvua saa.

"Ile ya kigoda ni yako," alisema. "Nimelala na wewe miaka kumi na tisa. Najua sauti yako hata ikiandikwa."

Hakukana. Alimweleza ilivyokuwa. Mzee alikuja Jumatano na maelezo yake makavu kama mkate wa juzi: naomba hiki, naomba kile, asante. Barua isiyo na meno hurudi na njaa, hilo ndilo analowaambia wateja wote, na ndiyo maana wanavuka vyumba viwili vya kuchapa kuja kwake. Kwa hiyo alimwongezea meno. Kwa kawaida humsomea mteja barua yote kabla hajatia saini, hata awe na haraka ya kuzaa. Siku ile taa zilikuwa zimeanza kuzimika na kuwaka, akaogopa umeme utakatika, akatoa karatasi na kumwambia tia saini hapa, Babu, upesi. Mzee akatia.

"Na hata kama ni yangu," aliendelea, "kwani nimetukana mama wa mtu? Kila mtu ana haki ya kusema anachokiona."

"Unayo."

"Basi?"

"Basi ungesema, ukaweka jina lako chini. Umeweka la mzee wa watu."

Fundi Bomba akamaliza chakula chake. Halafu, kwa sababu ni mume na ana hesabu zake za nyumba, akasema kwamba pamoja na hayo asiende kulitangaza. Watu humletea wosia, mikataba ya mashamba, barua za talaka. Wakisikia anaongeza chumvi kwenye chungu cha mwenzie, nani atamletea tena? Jambo litapoa. Watoto watapata mwingine wa kumchora. Aliyasema haya bila kumtazama usoni.

* * *

Jambo halikupoa. Siku ya Ijumaa Babu Reli aliingia chumba cha kuchapa na nakala yake mkononi na miwani ya kuazima puani. Wateja wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu. Hakukaa. Aliiweka karatasi juu ya kibodi, akaanza kugusa aya moja baada ya nyingine.

"Mwanangu, nilikuambia mambo matatu. Moja hili. Mbili hili. Tatu hili. Hili la nne nimelikuta hapa kama wewe ulivyolisikia, likisomwa."

Mama Chapa alimwomba watoke nje kidogo. Mzee alisema miguu inamuuma, wazungumze hapohapo. Wale wateja wakawa ghafla wanapenda sana kutazama dari.

Mzee alieleza, pasipo kupandisha sauti, mambo ya nyumbani kwake ambayo mtaa haukuyajua. Mkewe hawezi kujigeuza kitandani. Asubuhi na jioni ni Mama Pacha anayekuja kumgeuza, kabla ya kwenda zahanati na baada ya kurudi, mwaka wa pili sasa. Mikono yake imezoea watu wasiojiweza, na yeye mzee nguvu za kunyanyua zimemwisha. Ndiyo maana hakuwahi kumwambia Mama Pacha ana kwa ana kuhusu nyimbo. Aliona haya. Mtu anakugeuzia mke, utamwambiaje anapiga kelele? Akaona aandike barua kwa mwenyekiti, ya adabu, itoke juu kama agizo la mtaa, aibu imwepuke yeye na imwepuke mwenzake.

"Ameacha kuja?" Mama Chapa aliuliza.

"Afadhali angeacha. Anakuja. Ila hasemi. Zamani walikuwa wanacheka humo chumbani mpaka nagonga ukuta. Sasa anamgeuza kama anageuza godoro, anaondoka. Mke wangu ananiuliza, umemwandikia nini yule?"

"Na umemjibu nini?"

"Nimjibu nini? Saini si yangu?"

Alisema alikwenda hadi mlangoni kwa Mama Pacha kumwambia maneno yale si yake. Mama Pacha alimsikiliza, akamuuliza ni ya nani, naye akashindwa kumtaja mtu ambaye hana uhakika naye. Kwa hiyo sasa anaonekana mtovu wa adabu na mwoga pia. Akavua miwani, akaikunja. Alisema mkutano mwingine ni Jumamosi ya wiki ijayo, na yeye hataomba mtu asimame, maana mtu mzima hasimamishwi. Akaiacha karatasi palepale juu ya kibodi, akatoka.

Mteja wa kwanza kwenye benchi alisogea. Alikuwa na barua ya kuomba kazi. Kabla hajaketi vizuri alisema, kwa upole mwingi, kwamba yake iandikwe hivihivi alivyoileta.

* * *

Wiki hiyo nzima Mama Chapa aligombana na kila kitu: printa, mlango, binti, chumvi. Aligombana zaidi na nyumba ya nyuma, kimoyomoyo. Kwani si kweli wanaimba? Kwani si kweli hata yeye, nyumba tatu mbali, alikuwa anaamka na zile nyimbo na kulala macho akihesabu mabati? Kwani siku hizi mtu asiseme kitu mpaka amuulize jirani kama kitamuuma? Angalau mara mbili alijithibitishia kwamba hana kosa. Shida ni kwamba kila akimaliza kujithibitishia, swali la mumewe lilikuwa limekaa palepale: mbona hukuweka jina?

Siku moja kabla ya mkutano alikutana na Mama Pacha dukani. Walikuwa wawili tu mbele ya kaunta. Mama Pacha alimsalimu kama kawaida, akamuuliza habari za binti, akasema pacha watarudi kwenye hesabu wakitulia. Hakujua. Mama Chapa alijibu salamu akiwa amekodolea macho paketi ya viberiti. Alipotoka alikumbuka hakununua sabuni iliyompeleka, na hakurudi.

* * *

Mkutano ulikuwa na ajenda ya takataka na ajenda ya taa za barabarani. Ya takataka ilipoisha, Mama Chapa alisimama bila kuitwa. Fundi Bomba, aliyekaa kando yake, alitazama sakafu. Binti alisimama dirishani pamoja na wenzake.

Alisema kwa kifupi. Alisema barua ya Babu Reli ilikuwa na mambo matatu na mzee aliyasema kwa heshima. La nne, la kigoda, aliliandika yeye, kwa kichwa chake, na hakumsomea mzee kabla ya kutia saini. Akasema anayetaka kumlaumu mtu kwa maneno yale, amlaumu mwenye nayo. Hakulia wala hakuzungukazunguka. Alipomaliza alibaki amesimama, maana hakujua kama inafaa kukaa.

Kisha mtu mmoja pembeni akauliza, na ile barua yangu ya kuomba mkopo je, ndiyo maana nilinyimwa? Watu wakacheka, naye akasema hatanii. Mwingine akasema yeye alishangaa siku nyingi jinsi barua yake ya mahari ilivyojua maneno magumu. Kicheko kilimzunguka Mama Chapa kama nzi. Mwanamke wa bomba, yuleyule wa kigoda cha plastiki, alisema kwa sauti kwamba watu wengine hawana haya, kuwachafulia wazee majina. Mama Chapa alimtazama.

Mwenyekiti aligonga meza. Alisema jambo hili limemfundisha. Tangu leo, kwa kuwa chumba cha kuchapa kiko ndani ya jengo la mtaa, kila barua itakayochapwa humo itapitia kwake kwanza. Ataisoma, akiona ina maneno ya kuudhi ataikata, akiona ni safi ataigonga muhuri. Hivyo kila kabila na kila dini itakuwa salama. Watu wengi waliafiki. Lilionekana jambo la busara, na saa ilikuwa inakwenda.

Mama Pacha aliinua mkono. Mwenyekiti akasema kwa haraka, bila shaka, mama, wewe ndiye uliyekosewa, sema.

"Nikitaka kukushitaki wewe," aliuliza, "barua yangu nitaipitisha wapi?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Kilianzia kwa Babu Reli, kikohozi kilichogeuka kicheko, kikasambaa. Mwenyekiti alisema yeye si mtu wa kushitakiwa. Mama Pacha akasema vizuri, lakini mwenyekiti wa kesho hawamjui. Akaendelea, kwa lugha ambayo si ya mama yake, akichagua maneno polepole. Alisema yeye hakuomba mtu afungwe mdomo. Babu alikuwa na haki ya kulalamika, na akapata alichotaka siku ileile. Wao pia huenda siku moja wakawa na la kusema ambalo mtaa hautalipenda. Je, nalo litakatwa kwa sababu linaudhi? Kilichomuuma yeye ni kusemwa na mtu asiyemwona.

Kisha akamgeukia Mama Chapa.

"Sasa nakuona. Nataka kukuuliza moja. Unaamini hivyo? Kwamba mimi ni wa kigoda?"

Fundi Bomba alimgusa mkewe kwenye kisigino kwa ncha ya kiatu, maana yake sema hapana. Lilikuwa jibu rahisi na watu wote walilingojea.

"Siku ile, ndiyo," Mama Chapa alisema. "Nyimbo zilikuwa zinaniamsha hata mimi. Nikaona mmekuja juzi mnatupangia asubuhi. Sikuwa nimehesabu miaka. Na sikujua ni nani anamgeuza Bibi."

"Na ningekuwa simgeuzi?"

Mama Chapa alifikiri.

"Hata kama humgeuzi," alisema. "Nimekosea, na naomba radhi. Hukustahili kulipia makazi yako kwa kazi."

Mama Pacha alitikisa kichwa mara moja kukubali, kama mtu aliyepokea risiti na kuiona iko sawa. Hakusema nimekusamehe. Alisema mwenyekiti aendelee na taa. Pendekezo la muhuri halikupigiwa kura. Mwenyekiti aliliruka tu, akaingia kwenye nguzo na balbu, akizungumza kwa haraka kuliko kawaida yake.

* * *

Wateja walipungua. Alitegemea hivyo, ila kutegemea hakuweki kitu mfukoni. Wosia uliokuwa umeahidiwa ulikwenda chumba cha kuchapa cha jirani. Waliobaki walikaa karibu naye wakifuata kidole chake kwenye kioo cha kompyuta, neno kwa neno, na mmoja alikuja na mtoto wa shule wa kumkagua. Yeye alivumilia. Babu Reli alimsalimia barabarani kwa kugusa kofia, bila kusimama. Nyumbani, mumewe hakusema nilikuambia, na hilo alilihesabu kama zawadi. Bibi, kwa habari alizoleta binti, bado alikuwa anageuzwa kimya, ila juzi Mama Pacha alisikika akimuuliza kama mto uko sawa.

Jumanne ya wiki ya tatu, mchana, Mama Pacha aliingia akiwa bado na aproni ya zahanati. Wateja wawili walikuwa wanangoja. Alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika Mama Chapa aliweka vidole tayari, akauliza barua ni ya kwenda kwa nani.

"Nataka kuichapa mwenyewe," Mama Pacha alisema.

Mama Chapa alimtazama, kisha akaitazama kompyuta, ambayo hata binti yake haruhusiwi kuigusa. Akainuka, akampisha kiti. Mama Pacha alikaa kwenye ukingo, akafuta mikono kwenye aproni, akauliza herufi kubwa hutokeaje. Alionyeshwa. Akauliza ukikosea unafutaje. Alionyeshwa hilo pia. Halafu akamwomba, kwa adabu, asimame upande ule mwingine wa meza.

Aliandika kwa kidole kimoja. Alitafuta kila herufi kama anatafuta mtu sokoni, akiipata anaibonyeza kwa nguvu, akitazama juu kuhakikisha imetokea. Nusu saa ikapita. Mtu aliingia kutaka kopi, akaambiwa angoje. Akauliza mbona mwenye chumba amesimama, akaambiwa angoje hilo pia. Mara mbili Mama Pacha alisimamisha kidole hewani, akakunja uso, midomo ikijaribu neno. Mama Chapa alilijua neno lenyewe, au alidhani analijua. Lilikuwa limemfika kwenye ncha ya ulimi. Alishika mikono yake nyuma ya mgongo na kutazama barabara.

Saa moja na robo baadaye printa ilitoa karatasi moja, maandishi hayakufika nusu. Mama Pacha aliisoma yote, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Akaomba kalamu. Akaandika jina lake chini, kamili, kwa mkono, akaikunja mara tatu na kuuliza bei.

Mama Chapa alisema hakuna bei.

"Ipo," Mama Pacha alisema, akaiweka mezani, akatoka.

Kioo kilikuwa bado kinawaka. Kabla hajaondoka Mama Pacha alikuwa ameuliza na jinsi ya kufuta yote, akafuta, na palikuwa peupe. Miaka yote ya kazi ile, haikuwahi kutoka karatasi kwenye meza ya Mama Chapa bila yeye kujua imesema nini; hii hakujua hata inakwenda kwa nani: kwa Babu, kwa mwenyekiti, kwa mtu wa mbali, au ni yeye mwenyewe aliyeshitakiwa humo. Alivuta kiti, akakaa. Kilikuwa bado cha moto.

"Anayefuata," alisema.